Pembe ya Kwanza ya Chokoleti

Chokoleti nyeupe si chokoleti. Nimelisema hili sokoni Arua mpaka wenzangu wananikimbia, na nitalisema tena: ni mafuta ya kujipaka yaliyotiwa sukari. Ile ya maziwa naivumilia nikiwa mgeni wa watu. Yenye karanga ndani, sawa, lakini karanga tunazokaanga wenyewe kwa chumvi zinaishinda kwa mbali, sasa kwa nini mtu azifunge kwenye karatasi ya dhahabu halafu azipandishe bei? Ninayoipenda mimi ni ile nyeusi, chungu, ngumu, inayokaa mdomoni muda mrefu kabla haijakubali kuyeyuka. Watu husema napenda vichungu kwa sababu nami nina ulimi mchungu. Basi na iwe hivyo.

Dada yangu alikuwa kinyume changu. Yeye alipenda ya maziwa, tena ikiwa imelegea kwa joto, aikombe kwenye karatasi kwa kidole na kulamba kama mtoto, mtu mzima na ushungi wake. Alikaa Koboko, huku mpakani mwa Uganda, katika nyumba ile ile tuliyozaliwa. Mumewe alipofariki alifungua kiduka barazani: sabuni, chumvi, biskuti, peremende, na chokoleti nilizomtumia mimi kutoka Arua. Mimi nauza vitenge soko kuu, nakaa mtaa wa Awindiri, na madereva wa asubuhi wa Koboko walilijua boksi langu kuliko walivyonijua mimi mwenyewe.

Mapenzi hayo ya chokoleti tuliyapata kwa baba. Alikuwa askari, na askari wa zamani walirudi nyumbani na vitu vya ajabu. Safari moja alikuja na chokoleti moja kubwa, imejikunja kwa joto la njiani. Mama aliifungua, akavunja pembe, akaila mbele yetu, akangoja kidogo, ndipo akatugawia. Hakuwa mroho. Kwetu, mkono unaokupa ndio unaoonja kwanza. Iwe chai, iwe asali, iwe maji ya mtungini. Huku watu wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa nyoka. Mtu akianguka ghafla, swali la kwanza si anaumwa nini, ni alikula kwa nani. Kwa hiyo kuonja ni adabu, ni kumwambia mgeni kwamba kama ni kufa, tutakufa wote. Nilipokuwa mdogo niliiona desturi nzuri sana.

Sasa, chokoleti na kiangazi cha Koboko havipatani. Mchana inayeyuka, usiku inaganda, kesho inayeyuka tena, na mwisho inaota vumbi jeupe juu. Anayeijua chokoleti anajua kwamba hayo ni mafuta yake yenyewe yamepanda. Unakula, hufi. Ladha inapungua kidogo, basi. Dada alijua hivyo, mimi nilijua hivyo. Tatizo ni kwamba tulijua sisi wawili tu.

Siku ya Idi dada alimpelekea chokoleti bibi mmoja mzee, mama wa jirani yetu. Bibi huyo alikuwa ameumwa siku nyingi, miguu imevimba, pumzi haitoshi, meno hayapo, na kitu kilichobaki kumfurahisha kilikuwa utamu. Dada aliipitisha juu ya ua, nzima, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Hakuionja. Kitu kimefungwa kiwandani, nani anakionja? Bibi akaenda kuila chumbani kwake. Kabla wiki haijaisha akafariki.

Jirani alikuta kipande kilichobaki chini ya mto wa mama yake, na kilikuwa na lile vumbi jeupe. Akakifunga kwenye leso, akapita nacho nyumba kwa nyumba. "Angalieni. Iko unga nyeupe hapa juu. Hii iko nini? Mutu anakula unga ya namna hii?" Na watu wakaangalia, wakanusa, wakarudisha, wakanawa mikono.

Hakuna aliyekuja kumwuliza dada. Laiti wangekuja! Mtu akikutuhumu usoni utajitetea, utaapa, utaita wazee, hata kupigana mtapigana. Lakini wao walinyamaza tu. Watoto waliotumwa sabuni walivuka barabara wakaenda duka la ng'ambo. Wanawake walioingia barazani kila jioni kupiga soga wakawa wanasalimia kwa mbali, "Salama, mama?", huku miguu inaendelea kutembea. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja. Nilipopata habari nilitaka kupanda gari siku hiyo hiyo nikamshike yule jirani na leso yake. Dada akanikataza kwenye simu. "Ukija na hasira zako watasema wenye sumu tumekuwa wawili."

Akatafuta dawa yake mwenyewe. Mteja wa kwanza aliyethubutu kurudi aliomba biskuti, na dada akafungua pakiti mbele yake, akatoa moja, akaitafuna, akameza, akampa zilizobaki. Yule mteja akaenda kusimulia. Kesho yake wakaja wengine. Kila chokoleti ilifunguliwa mbele ya mnunuzi, pembe ikavunjwa, ikaliwa, na mnunuzi akitazama koo la dada mpaka aone imeshuka. Peremende aliilamba. Soda aliipiga funda. Mgeni wa nyumbani akiletewa chai, dada alikunywa kwanza, na chai yetu mnaijua, sukari inasimamisha kijiko. Duka likachangamka. Wallahi, lilichangamka kuliko zamani, maana wengine walikuja kutazama tu, na huwezi kutazama bila kununua.

Nilimwona mwaka ule amenenepa nikamtania kwamba biashara inampenda. Baadaye akaanza kukonda. Akawa anakunywa maji jagi zima bila kupumua, anaamka usiku kwenda haja, macho yanaona ukungu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, msichana mtulivu aliyekuwa amemaliza shule karibuni, akampeleka kupima. Ni kisukari. Tukampeleka hadi hospitali ya Kuluva kuthibitisha, na muuguzi pale akamweleza polepole, kwa heshima, kwamba kitu kitamu kwake sasa ni adui. Njiani dada alicheka mpaka akatoa machozi. "Mdogo wangu," akasema, "adui wenyewe ndio ninaowauza."

Mimi sikucheka. Nilikwenda naye mpaka Koboko, nikakaa kwenye kigoda cha dukani, nikaanza. Nilimwambia afunge duka. Nikamwambia auze sabuni na chumvi peke yake. Nikamwambia, basi, aonje binti.

"Mkono unaotoa ndio unaoonja," akasema. "Unataka binti yangu aonje kwa ajili ya mkono wangu? Si watasema nimeanza kumfundisha?"

"Waseme!"

"Wewe unakaa Arua. Unasema waseme, halafu unapanda gari." Akafunga dirisha la duka nusu, akashusha sauti. "Sikiliza. Nikiacha leo, baada ya kuonja kote huku, watasema mwenye sumu ameanza kuogopa sumu yake. Na unajua wanavyoamini. Sumu hairithiwi na duka. Inarithiwa na binti. Nani ataleta posa kwenye nyumba hii? Nani atakula alichopika mwanangu? Mimi nimeshaishi. Huyu hajaanza."

Alikuwa anasema kweli. Huku familia ikiitwa ya sumu, wasichana wake wanazeeka nyumbani, au wanahamia mbali na wanakuta jina limewatangulia. Kumbe dada hakuwa anaonja chokoleti. Alikuwa anamnunulia mwanawe uso mbele za watu, pembe moja moja, na kila pembe ilikuwa inamla yeye.

Nikarudi Arua nikifikiri, nikapata wazo, na niliona ni wazo la mtu mwerevu. Nikamtumia boksi la chokoleti nyeusi, ile ninayoipenda mimi, yenye sukari kidogo. Aonje hiyo. Madhara yatapungua, watu wataona ameonja, na huenda wakajifunza kula kitu cha maana. Siku ya kuifungua nilikuwepo. Dada alivunja pembe, akaila, akakunja uso kama aliyemeza dawa ya minyoo. Mteja alikuwa mwanamume aliyetoka Oraba kununua sabuni. Alimwona alivyokunja uso. Yeye naye akaweka kipande mdomoni, akasimama vile vile, halafu akatema barabarani.

"Chungu! Mama, kwa nini hii iko chungu?"

"Ndivyo ilivyo," nikarukia mimi. "Hiyo ndiyo chokoleti yenyewe!"

"Chokoleti iko tamu. Hii hapana chokoleti." Akasukutua mdomo kwa maji ya chupa yake, watu wa barabara nzima wakitazama. Sabuni akaiacha.

Jioni ile habari ilikuwa imeshafika sokoni Koboko. Lisemwalo lipo, walisema, si mnaona, kwanza nyeupe, sasa chungu. Kuwaeleza kwamba kakao ni chungu tangu shambani ni kazi bure, kwa sababu huku sumu nayo husemwa kuwa chungu. Dada hakunilaumu. Alipanga zile chokoleti tena kwenye boksi, akanirudishia, na kesho yake akala ya maziwa mara mbili ya kawaida ili watu watulie. Mimi nilizila zile nyeusi mpaka zikaisha, kila jioni kipande, na sikuzifurahia hata moja.

Kilianza kidonda kwenye kidole cha mguu. Kiatu kilimbana, basi, kitu kidogo. Kikakataa kupona. Kidole kikakatwa, halafu mguu ukakatwa chini ya goti, na aliporudi nyumbani alimwambia binti amwekee kiti barazani, nyuma ya meza ya duka. Sindano zake alizichoma kwa uaminifu. Lakini sindano itafanya nini kwa mtu anayechoma asubuhi na kula pipi mchana kutwa? Jirani yetu naye alikuwa akija. Alikuja kumjulia hali, alileta hata ndizi, maana ujirani una taratibu zake, na akinunua kitu alisimama na kungoja pembe ivunjwe. Nilimchukia yule mwanamke. Bado namchukia. Na hata hivyo najua kwamba alimpoteza mama yake na hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa kwa nini.

Safari yangu ya mwisho nilimkuta dada amelala chumbani, macho yameshakwenda, uso mdogo. Alitambua hatua zangu. Akapapasa chini ya mto, akatoa kipande cha chokoleti ya maziwa alichoniwekea, kimelegea. Akasema, "Karibu, mdogo wangu." Kisha akavunja pembe na kuipeleka mdomoni mwake.

Nikamshika mkono. "Dada! Ni mimi. Mimi! Kwangu unaonja nini?"

Aliganda hivyo na mkono wake ndani ya mkono wangu, chokoleti ikitupaka sote wawili. Akasema, "Samahani. Mkono umezoea." Nikala ile chokoleti yote, pamoja na pembe, nikilia, na sijawahi kula kitu kitamu cha kunichukiza namna ile.

Tulimzika Koboko, kando ya mumewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wakasema wazee, nami nikafikiri, dada ameijua zamani akiwa amekaa kwenye kiti.

Baada ya maziko wanawake walikaa kwenye mikeka uani, na binti yake akaanza kupitisha chai. Nilimwambia akae, yeye ndiye mfiwa, wapo wengine wa kuhudumia. Akasema wageni ni wa mama yake. Jirani alikuwepo, mstari wa mbele, amelia kwa sauti kuliko wote. Binti akampa kikombe. Jirani akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya mkeka, akakitazama.

Wanawake wa karibu yake wakaacha kuzungumza. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake mbele yake, na hakuna aliyekigusa.

Nikasema, "Jirani, chai inapoa."

"Iko moto, dada," akanijibu bila kuinua macho. "Nangoja."

Nilikuwa nimeshasimama. Maneno yote niliyoyameza kwa ajili ya dada yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini binti alinitangulia. Alipiga magoti mbele ya yule mwanamke, akachukua kile kikombe, akanywa funda, akameza, akangoja kidogo na shingo yake wazi ili waione. Kisha akakirudisha. Jirani akanywa. "Asante, binti yangu," akasema, na kwa hakika alimaanisha.

Nikamfuata yule mtoto nikamkamata mkono. "Acha. Acha sasa hivi. Hiki ndicho kilichomuua mama yako."

"Najua, mama mdogo," akaninong'oneza. "Lakini wananiangalia."

Nikatazama. Ni kweli walikuwa wanamwangalia, uani kote, kwa huruma. Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama tunavyoipenda. Nikamwachia mkono. Akaenda kwa mgeni aliyefuata, akapiga magoti, akanywa kwanza.