Maoni Niliyoyaruka

Watu wa Nairobi wakimwona mtu kwenye televisheni hudhani amekuwa mali yao. Watamsema meno, watamsema kofia, watamsema anavyotembea, wala hawajali kama naye ana masikio. Mzee Kabiru alisemwa hivyo kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya kipindi chake, na mtu aliyekuwa akimsomea maneno hayo ni mimi, Seline. Nilimsomea niliyoyataka. Hilo nalisema mapema, asije mtu akanionea huruma.

Alikuwa fundi wa mbao huko Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite, kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa na babake. Majirani zake wenye vipande kama hicho walijenga nyumba za kupangisha, ghorofa tano tano, wakakaa kitako kungoja mwisho wa mwezi. Yeye alijenga karakana ya mabati akaijaza mbao za saiprasi na mahogani. Wakamwona mjinga. Alikuwa mbishi, mwenye kelele, na mteja aliyetaka kitanda cha haraka haraka alimfukuza. "Enda ununue ya plastiki," alikuwa akiwaambia, na wengine walienda kweli.

Mimi nilifika kwake kutoka Soweto West, Kibera, nikitafuta kibarua cha kufua nguo. Nguo za kufuliwa hakuwa nazo. Alinipa kipande cha msasa na meza isiyokuwa laini. Niliisugua mpaka saa saba mchana. Alipitisha kiganja juu yake mara moja, akasema, "Kesho ukuje." Nikaenda kesho yake, na kesho nyingine, kwa miaka sita, kwa miguu, kupitia Olympic na Dagoretti Corner. Aliniita Mama Hope, kwa jina la binti yangu. Meza ya Hope ya kusomea aliitengeneza yeye bila kuombwa, na akaniambia kwa ukali nisimshukuru.

Kitu kimoja alikificha. Hakujua kusoma. Tarakimu za futi na inchi alizijua barabara, lakini maneno yalimshinda, maana alitolewa shuleni darasa la pili. Mteja akimpa karatasi, mzee alipapasa mifuko kutafuta miwani, kisha akanipa mimi nisome. Hakuwahi kumiliki miwani maishani mwake. Siri hiyo tuliijua mimi na binti yake Ciru, aliyeolewa Nakuru.

Kipindi kililetwa na kijana mmoja aitwaye Muema, wa kituo kidogo cha televisheni. Alikuja kuchukua kabati lake akamkuta mzee akiugombeza ubao uliopinda, akautolea hotuba nzima. Wiki iliyofuata alirudi na kamera. Wakakiita Saa ya Fundi. Walirekodi Alhamisi pale pale karakanani, kikaonyeshwa Jumapili saa nane mchana, na watazamaji wakaandika maoni yao Facebook. Jumatatu saa nne, wakati wa chai, mzee alinivutia kiti.

"Haya, Mama Hope. Hao watu wanasema nini? Soma yote, usiache."

Nikasoma yote. Zilikuwepo sifa, tena nyingi, lakini nani hukumbuka sifa? Mmoja aliandika, "Huyu mzee anasema kitanda ya kurara. Arudishwe shule." Mwingine akaandika, "Hayo meno nayo yanahitaji randa." Mwingine tena, "Kwa umri hii angekuwa nyumbani na bibi yake. Ama bibi alichoka na yeye?"

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Mzee aliweka kikombe chini, akainuka, akaendelea kupima mbao. Jumanne hakufungua karakana. Jumatano nilimkuta ameketi juu ya rundo la mbao, mdomo ameufunika kwa kiganja, na alipozungumza nami alizungumza ukiwa umefunikwa vivyo hivyo. Aliniambia nimpigie simu Muema asije tena. Roho iliniuma mno. Laiti ningempata yule wa meno, ningemchapa kwa ubao wa futi tatu, na simu yake nikaitia ndani ya mkebe wa vanishi.

Simu ya mtu huyo sikuwa nayo. Nilikuwa na yangu. Nikaifungua, nikajifanya nasoma.

"Mzee, zimeingia zingine. Kuna kijana wa Nyeri anaitwa Muigai. Anasema ametengeneza stuli akikuangalia, na sasa mamake ndio anaikalia."

Kiganja kikatoka mdomoni polepole. "Miguu ngapi?"

"Minne."

"Mwambie angeanza na mitatu. Ya mitatu haichezi hata kwa sakafu mbaya." Akainuka, akatafuta penseli yake. Alhamisi hiyo Muema alikuja, kipindi kikarekodiwa.

Kuanzia hapo nikawa chujio. Kila Jumatatu nilisoma mazuri, nikayaruka mabaya, na wiki ambayo mazuri yalikuwa haba nilitunga yangu. Muigai wa Nyeri alikua mikononi mwangu. Akamaliza stuli, akaingia meza, akakwama kwenye droo. Mzee alimtengea kipindi kizima cha droo. "Muigai, kama unaniangalia," aliiambia kamera, "shika patasi hivi, si kama kijiko." Muema aliniuliza Muigai ni nani, nikamwambia ni ndugu wa kanisani. Tulicheka sana miezi ile, sikatai. Wateja walikuja hata kutoka Rongai, na mzee akanunua kofia mpya.

Halafu akaja Kalondu.

Huyu sikumtunga. Aliandika mwezi wa nne, mwaka wa pili wa kipindi, chini ya video ya kabati la vyombo. "Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Machakos. Mkono wa kushoto wa mzee unatetemeka ukiwa umetulia. Apelekwe kwa daktari." Nikauruka. Ujumbe huo niliuweka fungu moja na meno na kurara, nikasoma uliofuata.

Wiki tatu baadaye aliandika tena. "Akitembea, mkono ule hauchezi. Uso wake umekuwa mgumu, hapepesi macho kama zamani. Nyinyi mnaofanya kazi naye hamuoni?" Huo nao nikauruka, tena kwa hasira. Nilijiambia, nani huyu wa kutuuliza sisi kama tunaona?

Wa tatu niliusoma nikiwa njiani kurudi nyumbani, karibu na Olympic. "Tafadhali. Mtu wa hali hii hafai kuwa karibu na msumeno wa umeme. Kama hataki kuacha, basi asukume mbao kwa kijiti, si kwa vidole. Nimeuguza wengi wa namna hii. Mpeni yeye mwenyewe ujumbe huu."

Nilisimama kando ya barabara, watu wakanipita. Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona chai ikimwagika kwenye kisahani kila asubuhi, na alama zake za penseli zikizidi kuwa ndogo mpaka mimi mwenyewe nikawa naziinamia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiacha mstari kwenye vumbi la mbao sakafuni, na mstari huo nilikuwa nikiufagia jioni bila kumwambia mtu.

Kwa nini sikumsomea? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka nalo. Kama ningemsomea wa tatu, angeuliza kama huyu mtu aliwahi kuandika mbele. Kisha angeuliza ni mangapi mengine. Miaka miwili yote ingemwagika pale mezani, na kiganja kingerudi mdomoni. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ipo na nyingine. Kipindi kikifa wateja wangepungua, na Hope alikuwa kidato cha tatu, nami sikutaka kurudi kubisha milango ya watu nikiomba nguo chafu. Sababu zote mbili zilikuwepo, na sijui ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Nilimwonyesha Muema ule ujumbe. Akautazama kidogo. "Ah, Seline, hao ni watu wa mtandao. Huko kila mtu ni daktari. Bora komenti zinaingia."

Nikajaribu njia yangu. Jumatatu, chai ikiwa mkononi, nilifungua simu nikasema, "Muigai anasema, Mzee, ukiwa kwa mashine utumie kijiti kusukuma mbao. Vidole zikae mbali."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Muigai! Huyu juzi hakuwa anajua kushika patasi! Mwambie mimi nilianza kupasua mbao kabla azaliwe."

Ningesema ni muuguzi, angenyamaza. Wauguzi aliwaheshimu kuliko mapadri, kwa namna walivyomtunza mkewe mpaka siku ya mwisho. Nilijua hivyo, na neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikalimeza pamoja na mandazi.

Ilikuwa Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Alikuwa akipasua mbao za benchi, kamera ikimtazama, mimi niko pembeni napaka vanishi. Sauti ya msumeno ilibadilika kwa muda mfupi sana, kisha ikarudi kama kawaida. Mzee hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake wa kushoto, akamtazama Muema, akasema, "Zima hiyo kitu." Muema alidhani anasema mashine. Alikuwa anasema kamera.

Niliufunga ule mkono kwa leso yangu. Vidole vilivyokatika vilikuwa vitatu. Nilipiga magoti kwenye vumbi la mbao nikavitafuta, nikapata viwili. Cha tatu sikukiona, na gari la Muema lilikuwa likipiga honi nje. Hospitalini walisema hata hivyo viwili havingeunganishwa tena. Siku ya nne daktari mmoja alimtazama mzee akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akauliza mkono huu umekuwa hivi tangu lini. Akataja jina refu la ugonjwa, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Akasema kuna dawa ambazo angekuwa ameshaanza kuzimeza.

Mzee alilala akiangalia dari. Baadaye aliniuliza, "Muigai amesikia?"

"Amesikia, Mzee. Anakuombea."

Aliporudishwa nyumbani Muema alikuwa ametangaza habari kwenye ukurasa wa kipindi, na maoni yakafurika. Sijawahi kuona upendo wa namna ile. "Mzee wetu." "Baba yetu wa mbao." "Tutakukumbuka daima," kana kwamba tumeshamzika. Yule wa meno naye alikuwepo, nililijua jina lake, ameweka mikono ya kuomba na mioyo mitatu. Nilitamani kumtukana. Lakini ningemtukana kwa haki gani?

Ciru alikuwa amekuja kutoka Nakuru kumtunza babake. Nilipofika Jumatatu na chupa ya uji nilimkuta ameketi kando ya kitanda, anamsomea. Nikabaki nimesimama mlangoni. Alisoma vizuri, kwa sauti, haruki kitu, na hakukuwa na cha kuruka. Kisha akasoma, "Kalondu, Machakos. Niliandika mara tatu. Nilieleza kila kitu. Je, mlimpa mzee ujumbe wangu?"

Akainua kichwa. "Baba, huyu anaongea juu ya nini?"

Mzee alikuwa ananitazama mimi.

"Ciru," akasema, "ebu enda uniletee maji moto."

Ciru akatoka. Mzee akavuta blanketi kwa mkono wake mzima.

"Nilikuwa najua unaruka."

Niliingia, nikaiweka chupa ya uji mezani.

"Macho yako inateremka na mdomo imenyamaza. Mtu hasomi hivyo. Nilijua kitambo, Mama Hope. Nikasema, wacha. Anaruka matusi. Anaruka yale ya meno." Akautazama mkono uliofungwa. "Sikuuliza, sababu nilikuwa naona unanitunza."

Nililia. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba msamaha, nikataja hofu yangu, nikamtaja Hope, nikajieleza mpaka maneno yakaniishia. Hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe. Alingoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja gundi ikauke.

"Hizo tatu uko nazo?"

"Niko nazo, Mzee."

"Nisomee."

Nikafuta macho, nikaitafuta simu. Nilianza na ule wa mwezi wa nne. Nilisoma kila neno, polepole, kama mtoto wa shule, na nilipofika mahali pa kijiti na vidole nilikwama, akaningoja, nikaendelea. Uso wake haukubadilika, na sasa nilijua kwa nini haukubadilika. Zote tatu, pamoja na jina la aliyeandika, hazikumaliza dakika mbili.