Tarehe Niliyoiandika Mimi

Nilisomea sheria hapa hapa Durban, na kusema kweli nilikuwa na kiburi. Mwaka 2011 nilikuwa nafanya mafunzo ya uwakili katika ofisi moja ya mjini. Wateja wa Kikongo wote walisukumiwa kwangu, kwa kuwa Kiswahili nilikirithi kwa bibi yangu. Waliniita Maître, kama wanavyowaita mawakili kwao, nami hata kuapishwa bado. Nililipenda mno jina hilo.

Mkuu wangu alinihimiza jambo moja kila siku: hati ya kiapo haiachwi na pengo, maana hakimu akiliona pengo ataingiza kidole. Basi nikawa hodari wa kuziba.

Ndipo akaja mama mmoja wa mtaa wa Point, msusi wa nywele. Dada yake alifia huko kwao akamwachia binti, naye akasafiri na mtoto mpaka hapa. Sasa binti alikuwa na miaka sita. Afisa wa ustawi wa jamii alitaka apelekwe kituo cha watoto, kwa sababu hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba hawa wawili ni ndugu. Tulichokuwa nacho ni kiapo cha mama huyu tu.

Nilimuuliza alimpokea mtoto lini.

"Maître, ilikuwa wakati wa kupalilia karanga," alisema. "Mvua ilikuwa mingi. Dada alikuwa mugonjwa, akanipa mutoto kwa mukono."

Nikahesabu miezi kwa vidole, nikaandika siku, mwezi na mwaka. Nilimsomea hati nzima, na pale penye tarehe nikapita haraka. Akatia saini.

Mahakamani hakimu hakuwa mkali. Aliuliza tu, kwa upole, mtoto alikuja kwake tarehe gani. Mama akanitazama. Akasema karanga. Alipoulizwa tena akataja mwezi ambao haukuwa wangu. Mara ya tatu akasema, "Ile iliandikwa, njo ya kweli," yaani iliyoandikwa ndiyo ya kweli.

"Kama hujui tarehe uliyoiapia," hakimu akauliza, "ni kipi kingine ulichokiapia bila kukijua?"

Hapo nilipaswa kusimama. Ilihitajika sentensi moja tu, kwamba tarehe ni yangu, si yake. Niliogopa kwamba nikikiri sitaapishwa kamwe, nikainamia kalamu yangu. Nilimuuza yule mama, na sina neno laini zaidi la kusema.

Mtoto alichukuliwa siku hiyo hiyo. Alikuwa nje kwenye benchi, anakula chipsi, na alipoambiwa anakwenda garini aliuliza kama mama naye anakuja. Alikuwa akimwita mama.

Tulikata rufaa Mahakama Kuu. Njiani, tukingoja robot, yaani taa za barabarani, nilimwambia mkuu wangu ukweli.

"Eish," akasema. "Ungesema siku ile. Ukisema leo, uwakili wako umekwisha."

Taa ikawa kijani, naye akaondoa gari. Majaji wa rufaa hawakumwita mtu kutoa ushahidi upya, walisoma jalada. Na ndani ya jalada alikuwamo mwanamke aliyeapa asichokijua. Rufaa ikatupwa.

Mwaka uliofuata niliapishwa. Nyumbani wakapika biriani, nami nikala.

Mwaka 2014 nilikutana naye Point, mbele ya saluni anakosukia. Nilitaka kuvuka barabara, akawa ameshaniona. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Maître, unisamehe. Nilikupatisha haya mbele ya hakimu. Iko mutu alinisomea ile karatasi, kila siku, mupaka nikashika. Uniulize sasa."

Akaitaja tarehe ile mwenyewe, siku, mwezi na mwaka, taratibu, bila kukosea, huku akinitazama usoni kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Ni vile?"

"Ni vile, mama," nikamjibu.