Magunia ya Nyasi

Baba alishuka stesheni na mfuko mmoja wa nguo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Huko kwetu Ugogo mvua ilikuwa imekataa kwa mara ya pili, na kaka yangu, aliyebaki na ng'ombe wachache, alimpandisha treni kwa sababu mzee alikuwa ameacha kula ili wajukuu washibe.

Mimi na mume wangu tulipanga chumba Kariakoo, na nilikuwa na mimba ya kwanza. Unga wa njano wa mahindi ya msaada tuliupangia foleni tangu alfajiri. Lakini foleni hazikunitisha kama maneno ya baba. Mchana, mume wangu akiwa kazini, alinisimulia kwa sauti ya chini jinsi walivyohamishiwa kijiji cha ujamaa, ng'ombe wa eneo zima wakawa wananywea kisima kimoja. Majani ya karibu na kisima yakaisha, wakala mpaka mizizi, kisha upepo ukaanza kubeba udongo wenyewe.

"Ukame nimeujua tangu utoto," alisema. "Ng'ombe wanakufa, mvua inarudi, majani yanaota. Safari hii sioni kitakachoota, mwanangu. Ardhi imekuwa kama hii." Akaigonga sakafu ya sementi kwa kisigino.

Nilijishika tumbo. Sikuwahi kumwona baba akiogopa kitu.

Baadaye akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni, mikono imechanikachanika. Nilidhani amepata kibarua. Mwenye duka la nafaka jirani yetu, Mchaga mmoja mpole, ndiye aliyenifungua macho.

"Dada, mzee wako yuko kwenye bonde la Jangwani. Anakata nyasi."

Nikashuka bondeni. Nilimkuta amezianika nyasi, amezishindilia kwenye magunia na kuyashona vizuri.

"Baba, za nini hizi?"

"Za ng'ombe wa kaka yako. Nitaomba zipakiwe treni. Hapa zinaota bure, hakuna anayezila."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba treni haitazichukua.

Halafu masika ikafika. Siku moja mvua ilianza asubuhi, nzito hata nyumba ya ng'ambo ya mtaa haionekani, na baba alikuwa ameshatoka. Nilikimbia. Mwenye duka aliponiona napita na tumbo lile, alichukua kamba ya kufungia mizigo akanifuata.

Bonde lilikuwa limegeuka mto. Maji mekundu yalipita na mabati, na matawi, na mbuzi aliyekufa. Baba alikuwa katikati, maji yamemfika kiunoni, amekumbatia gunia.

"Baba, liache!"

"Wanangoja!" alijibu. "Ng'ombe wanangoja!"

Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Maji yakampiga, akazama, akaibuka, gunia bado mikononi. Nikajua namwona kwa mara ya mwisho. Mwenye duka alijifunga kamba kiunoni, akaipitisha kwenye nguzo ya simu iliyokuwa kando, akanipa ncha niishike, akaingia. Alipomfikia alimnyang'anya lile gunia kwa nguvu, akalitupa. Baba alilia kama mtoto. Nilivuta kamba, wapita njia wakaja kunisaidia, tukawatoa wote wawili wazima.

Siku hizo hizo mvua ilinyesha hata Ugogo. Kaka alikuja mwenyewe kutupa habari, na tukamuuliza mbona hana furaha.

"Ilinyesha siku moja tu, lakini kubwa," alisema. "Maji hayakuingia ardhini. Yalipita juu, yakaondoka na udongo. Palipokuwa na zizi sasa ni korongo."

"Na ng'ombe?" baba aliuliza.

Kaka akatikisa kichwa.

"Na majani?"

"Miiba, baba. Inaota miiba."

Baba hakurudi tena kuishi kule. Mimi nilikwenda mwaka uliofuata, mtoto mgongoni, nikawasalimie wifi na watoto. Nilishuka kwenye lori nikatafuta njia ya malishoni niliyoipita utotoni, sikuiona. Nchi ilikuwa nyeupe, imepasuka, na upepo uliinua vumbi hata ungedhani mifugo inakuja, na mifugo haikuwapo. Wifi alinyoosha mikono ampokee mtoto, amshushe achezee chini na wenzake. Nilikaza kanga. Sikutaka miguu ya mwanangu iguse ardhi ile.