Mkungu Niliojiuzia

Nilijiuzia ndizi kanisani. Kwa miaka mingi nimekana. Kina mama wa usharika wakiniuliza nilijuaje kwamba Mungu ananitaka nirudi Machame, nilikuwa nainamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye siri nzito ya kiroho, na kujibu: "Alinipa ishara." Ishara yenyewe niliinunua mnadani. Mama pekee ndiye aliyejua yote, na sasa amelala shambani kwetu kando ya baba, kwa hiyo hakuna wa kunisaliti ila mimi.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha chuo kikuu Dar es Salaam, kwa mkataba. Mama, mjane tayari, alianguka kwenye banda la ng'ombe akavunjika mkono. Kaka zangu wakaamua kwa simu, kama wanavyoamua mambo yote, kwamba ng'ombe auzwe na Mama ahamie kwao mjini. Mama akasema haondoki kwenye kihamba, shamba letu la migomba na kahawa alimozikwa mumewe, labda wambebe. Alijua hakuna anayeweza. Mimi nilikuwa nimeomba kazi kwenye chuo kidogo cha Moshi, wakanijibu "tutakujulisha", neno ambalo mtu mwenye shahada tatu anapaswa kujua maana yake. Na mkuu wa idara yangu alitaka jibu Jumatatu: nisaini mkataba mpya, au nafasi apewe mwingine.

Ijumaa nikapanda basi kwenda kumwona Mama, na njia nzima nikaomba. Niliomba vizuri sana, kwa vipengele. Sikusikia kitu.

Jumapili asubuhi Mama akaniagiza nikate mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, niupeleke sadaka. Kwetu mlimani watu huleta shamba kanisani: mayai, maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vyote hunadiwa nje. Utotoni nilipenda mnada kuliko mahubiri: ukungu ukiondoka taratibu, kina mama wakirekebisha vitenge, mzee wa kanisa akimsifia kuku kuliko alivyowahi kumsifia mkewe. Na mara nyingi mnunuzi hakubaki na alichonunua. Alimpa mgeni au mjane, au akamrudishia aliyekileta.

Hapo ndipo usomi wangu uliponiponza. Nikiwa na mkungu kichwani, nikamwambia Mungu: huu ukirudi kwetu leo, nabaki na Mama. Usiporudi, naenda kusaini. Swali moja, majibu mawili. Nililiona pendekezo la kisayansi kabisa.

Mzee wa kanisa akauinua. "Mshare huu haujaonja mbolea ya dukani! Ni samadi tupu, ya ng'ombe aliyemvunja mama yetu mkono!"

Watu wakacheka, Mama zaidi yao. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akataja bei. Mgeni mmoja kutoka Himo akataja ya juu zaidi. Mwalimu akatikisa kichwa, akaacha.

"Wa Himo, beba! Huko mmezoea kula vumbi!" Mzee akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Niliuona mkungu ukipakiwa kwenye gari la Himo, na mimi nyuma yake nikirudi Dar. Mkono ukainuka. Ulikuwa wangu.

Nilipoufikisha kwa Mama, alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi wa kanisa, mkono wenye plasta ukiwa mapajani.

"Umenunua ndizi zetu?"

"Ni sadaka, Mama."

"Sadaka tulishatoa. Hii ni nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akalazimika kuushika ule mkono.

"Sasa Mungu angejibu saa ngapi? Umemwuliza, umejijibu mwenyewe."

"Kwa hiyo haihesabiki?"

"Haihesabiki. Lakini ungetaka Dar, ungemwachia yule wa Himo. Beba twende, ng'ombe hajala."

Mchana kutwa nikikata majani nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Nilikuwa nimetaka ishara ili mambo yakiharibika niwe na wa kumlaumu. Kumtumaini Mungu kulikuwa jambo jingine, nalo lilinitisha: kuamua nikiwa sioni mbele, na kuamini kwamba hata nikikosea hataniacha.

Jumatatu nikasimama nyuma ya banda, mahali pekee ambapo mtandao hupatikana kwetu, nikampigia mkuu wa idara. Nikamwambia sisaini.

"Umeshapata kazi huko?"

"Bado."

"Wamekuahidi?"

"Hapana."

"Sasa dada yangu, utaishije?"

Nikatafuta jibu la kisomi. Halikuwepo. "Sijui, Profesa," nikasema. "Namwachia Mungu." Maneno hayo nilikuwa nimeyatamka maisha yangu yote, kwenye misiba na kwenye mitihani. Siku hiyo niliyamaanisha.

Ng'ombe akalia. Kutoka jikoni Mama, ambaye alikuwa kiziwi kila alipokumbushwa hospitali, akapaza sauti: "Mwambie una mkungu mzima!"

"Nani huyo?"

"Ni Mama. Anasema nina mkungu mzima."

Profesa akacheka.

"Haya," akasema. "Basi nafasi nampa mwingine."