Wagonjwa Wawili, Namba Moja

Nakumbuka siku ile, mwanangu, mpaka leo. Nilikuwa karani wa zahanati katika kijiji chetu cha ujamaa, huku Uluguru. Msichana wa darasa la saba, mwandiko mzuri, na majivuno hayo! Watu walikuwa wanashushwa kutoka milimani kuja kukaa pamoja, na daftari la wagonjwa lilichapwa visanduku viwili tu vya namba. Tulipopita tisini na tisa, unadhani nilimuuliza mtu? Wapi! Mgonjwa wa mia na kumi na mbili, nikaitupa ile mia, nikaandika baki: 12.

Tukapeleka makohozi hospitali ya Morogoro mjini, chupa zikiwa na namba peke yake. Majibu yakarudi: namba 12 ana kifua kikuu. Nafungua daftari, wako wawili. Mzee Mkude, na Mama Koleta anayenyonyesha.

"Ni nani?" mganga wetu akauliza.

Nikasema Mzee Mkude, eti kwa sababu ndiye aliyekohoa kwa kishindo. Masikini mzee wa watu, akaanza kuchomwa sindano. Nikimwona Mama Koleta na mwanawe mgongoni, nageuza njia. Siku ya nne tukakutana mtoni. Akakohoa, akafuta mdomo na kanga ileile aliyombebea mtoto. Niliacha ndoo palepale, nikakimbia.

"Shikamoo, mganga. Nilikudanganya. Sijui ni nani."

Hakupandisha sauti. "Kisanduku kujaa si kosa lako, binti. Ungechora cha tatu kwa kalamu, ungekufa?"

Wakapimwa upya wote wawili. Alikuwa Mama Koleta. Yeye alipona. Mwanawe tulimzika kabla ya masika. Labda ni zile siku nne zangu, labda alishaambukizwa zamani. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Basi wewe unayepanga namba za watu kwenye kompyuta, kabla hujazitengea nafasi, uliza zitafika wapi. Zikizidi, simama, piga kelele, usizikate. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata wakufukuze kazi. Mungu akupe mkono mwangalifu na ulimi usioogopa, mwanangu, usije ukazeeka na swali kama langu.