Habasoda ya Baba Fabiani

Jumatano, siku ya kupokea mizigo, Bertilla aliamka akiimba. Akafunga kilemba, akakifungua, akakifunga upya, maana mfungo wa kwanza ulimzeesha bure. Ni mjane wa miaka hamsini kasoro, na katika kikundi cha akina mama wanaotengeneza dawa za mitishamba pale Chanji, yeye ndiye mkaguzi wa mbegu. Kinachoitwa habasoda, ile mbegu nyeusi ya dawa, kiwe habasoda kweli. Ni kazi inayotaka mtu asiyebabaika, lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Utaratibu wao ni huu: mzigo safi hupokelewa mlangoni, mwenyewe akashukuriwa akaenda zake. Wenye shaka huingizwa ndani, na mwenye mzigo hukaa hapo hapo hadi ukaguzi uishe, asije akasema kaonewa. Anayekutwa na mchanganyiko mara tatu hapokelewi tena.

Gaudensi, mkulima mgane wa Mwimbi, alishakutwa mara mbili. Habasoda yake ilikuwa na mbegu za vitunguu, nazo zote ni nyeusi. Lakini asubuhi hizo mbili za kukaguliwa ndani, jamani! Alimsimulia jinsi mbuzi wake alivyotafuna kofia ya katekista, Bertilla akacheka mpaka akamwaga sinia. Leo akikutwa tena, basi, Bertilla hatamwona tena. Njiani alimwomba Mungu gunia liwe safi.

Gaudensi alifika na shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa.

“Karibu, baba Fabiani,” Bertilla alimwita kwa jina la mwanawe.

“Ahsante, mama Angela. Kagua vizuri, usinionee haya.”

Pale mlangoni Bertilla alichota mbegu za juu ya gunia, akamwaga kwenye karatasi nyeupe, akaziponda. Nyingine zilinukia kiungo na kuacha doa la mafuta. Nyingine zilikuwa ngumu, hazina harufu wala doa. Gunia likaingizwa ndani, mwenyewe nyuma yake.

“Vitunguu tena?” aliuliza mwenyekiti wao, mama Tuntufye, mfanyabiashara kutoka Mbeya, mikono kiunoni.

Angeweza kusema hapana. Ulimi ulimwasha kabisa! Lakini dawa inanywewa na mgonjwa, si na mpenzi wake. Akazamisha mkono gunini hadi begani. Chini, safi. Katikati, safi. Vitunguu vilikuwa juu tu, konzi moja, kama mtu aliyenyunyiza chumvi kwenye mboga. Akakumbuka kwamba hata zile mara mbili alichota juu tu.

“Baba Fabiani, hizi umezitia mwenyewe.”

Gaudensi alitazama viatu vyake. “Mzigo safi unaishia mlangoni, mama Angela. Mimi mlangoni nitakaa nawe saa ngapi?”

Mama Tuntufye alitoka nje haraka, na kicheko chake kikasikika hadi barabarani. Bertilla naye alicheka akashika meza, akacheka machozi yakamtoka. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akalisukuma gunia miguuni pa mwenyewe.

“Umekataliwa. Mara ya tatu hii. Dawa za watu hazichezewi.”

Uso wa Gaudensi ulinywea. “Nilidhani konzi moja mtaisamehe. Kwa hiyo nisije tena?”

“Hapa, usije. Jumapili baada ya misa njoo nyumbani, mikono mitupu. Wali nitapika mimi, na hakuna atakayekuharakisha kuondoka.”