Shemeji Aliyeihurumia Makadamia Yangu

Niliponunua miche ya makadamia iliyobebeshwa, kichwa cha mti unaozaa kikiwa kimeungwa kwenye shina la mche wa mbegu, nilitaka jambo moja tu: nile makadamia yangu kabla sijazikwa. Mche wa mbegu huchelewa mno kuzaa, na magoti yangu hayana subira hiyo. Magoti hayohayo yalinipeleka hospitali ya Litembo kwa bodaboda, safari inayoongeza ugonjwa kabla dawa haijaupunguza, nikakaa huko kwa binti yangu mwezi mzima.

Huku nyuma shemeji, mdogo wa mke wangu, bingwa wa kahawa asiyesubiri kuombwa, akanionea huruma. Mbuni wa kahawa ukikatwa shina huchipua kwa nguvu, basi akaikata miche yangu yote chini ya kiungo.

Niliporudi, akanipeleka shambani. “Shikamoo, shemeji! Ona machipukizi yalivyonona!”

“Marahaba, fundi. Hayo ni ya mche wa mbegu. Kichwa chenye haraka umekitupa.”

“Si yatazaa tu?”

“Yatazaa. Utaniletea kaburini, usisahau kuyamenya.”

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia mdogo wake, “Kalete miche mingine. Panga liache kwako.”